Kabla ya Kununua Gari Lililotembea Sana: Maswali Matatu kwa Kamati ya Usharika

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za mipango na maendeleo za sharika. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa magari yaliyotumika. Sababu yake mnaijua. Kila baada ya mavuno, meza yangu hupokea barua kutoka sharikani zinazofanana kama mapacha: "Tumepata gari zuri kwa bei nzuri, tunaomba kibali na nyongeza ya fedha." Gari lenyewe huwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na limetembea kilometa laki mbili, tatu, hata nne. Kamati inataka jibu la haraka kwa sababu muuzaji amesema kuna mteja mwingine anakuja kesho.

Kabla sijatoa ushauri, niruhusuni nianze kwa kuungama.

Jogoo wa bibi

Mwaka 2012, nikiwa bado mgeni katika ofisi ya miradi, nilisimamia ununuzi wa gari la usharika mmoja wa milimani. Fedha zilikuwa shilingi milioni 19. Milioni 11 zilitoka kwenye harambee na mnada wa mazao baada ya ibada, na milioni 8 zilitoka kwa marafiki wa ng'ambo. Nakumbuka mnada mmoja vizuri. Bibi mmoja alileta jogoo, akamshika mwenyewe mpaka aliponunuliwa kwa shilingi 45,000. Watu wakapiga vigelegele.

Nilifanya kila kitu ambacho shule ilinifundisha. Nilikuwa na muhtasari wa kikao, bei za wauzaji watatu, na sahihi zote. Tukaenda Dar es Salaam, tukachagua gari la dizeli la mwaka 1997. Rangi yake nyeupe iling'aa, viti vilikuwa safi, na spidomita ilisoma kilometa 138,000. Kitu kimoja hatukuwa nacho, nacho ni fundi. Tuliona nauli na posho yake ni gharama isiyo ya lazima.

Baada ya miezi saba gari lilichemsha mlimani likiwa na mwinjilisti na wagonjwa wawili. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Fundi alipofungua injini alikuta silinda hedi imepasuka. Thamostati haikuwapo, mtu aliing'oa zamani ili gari lisionyeshe kwamba linachemsha. Kisha akatuita tuone kikaratasi kilichobandikwa chini ya boneti, kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini tarakimu ni za watu wote. Mkanda ule ulikuwa umebadilishwa huko Japani gari likiwa na kilometa 203,000. Sisi tulilinunua miaka mingi baadaye likisoma 138,000! Kikaratasi kilikuwapo siku zote. Hakuna aliyefungua boneti akasoma.

Matengenezo yalihitaji milioni saba na nusu, na usharika haukuwa nazo. Gari likapandishwa juu ya mawe kando ya kanisa. Kuku wakaanza kutagia ndani yake. Jumapili moja nilipotembelea usharika ule, yule bibi alinishika mkono, akaniuliza bila hasira yoyote, "Mwanangu, jogoo wangu bado yumo humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 2016 gari liliuzwa kama chuma chakavu kwa shilingi milioni 2 na laki 3. Ndugu zangu, yote nitakayosema leo nimeyajifunza kwa fedha za watu wale. Nimeyapanga katika maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, mnahitaji gari, au mnahitaji usafiri?

Haya ni mambo mawili. Kabla ya kutazama gari lolote, kamati ichukue daftari na kuandika safari zote za usharika kwa miezi mitatu: nani alisafiri, kwenda wapi, kilometa ngapi, kwa shughuli gani. Mkimaliza, mtaona moja kati ya mambo haya.

Huenda safari nyingi ni za mtu mmoja kwenda mitaani. Hapo pikipiki mbili zitafanya kazi ambayo gari lingefanya kwa gharama kubwa mara nyingi zaidi. Huenda mnahitaji gari siku nne tu kwa mwezi. Kama kukodi ni shilingi 150,000 kwa siku, hiyo ni laki 6 kwa mwezi, yaani milioni 7 na laki 2 kwa mwaka, na gari likiharibika ni shida ya mwenyewe. Lakini kama mna zahanati, shule na mitaa minane isiyofikika masika, basi gari ni hitaji la kweli.

Wapo wanaosema usharika usio na gari unaonekana duni. Mimi nasema gari lililo juu ya mawe mbele ya kanisa linaonekana vibaya zaidi.

Swali la pili: Gari hili limeishi maisha gani?

Wengi huuliza kwanza, "Limetembea kilometa ngapi?" Swali si baya, lakini peke yake linapotosha. Kilometa 300,000 za barabara ya lami, na oili ikibadilishwa kwa wakati, zaweza kuwa nyepesi kuliko kilometa 120,000 za mashimo, vumbi na mizigo kupita kiasi. Tena gari lililosimama miaka mingi bila kutembea lina shida zake: sili na mipira hukauka, breki hushika kutu, tangi la mafuta hujaa uchafu. Na spidomita, kama mlivyosikia, hurudishwa nyuma.

Msidanganywe na namba ya usajili pia. Watu husema, "Hili ni namba D," au, "Hili ni namba E," kana kwamba ni umri wake. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa usomeni kwenye kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyo kwenye kadi muilinganishe na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe.

Basi mtajuaje maisha ya gari? Fanyeni hivi:

1. Nendeni na fundi wenu. Asiwe fundi wa muuzaji wala ndugu wa dalali. Mlipeni siku yake hata kama gari halitanunuliwa, ili asiwe na sababu ya kulisifia.

2. Fikeni asubuhi na mapema, na mwambieni muuzaji asiwashe gari kabla yenu. Wekeni mkono juu ya boneti. Likiwa la moto, ulizeni kwa nini. Injini iliyopata moto huficha mengi, lakini ya baridi husema kweli.

3. Tazameni moshi. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa maji yanayoingia ndani. Moshi mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua vizuri.

4. Fungueni kifuniko cha oili na, injini ikiwa ya baridi, kifuniko cha rejeta. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au rejeta yenye utelezi wa mafuta, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana. Hapo semeni asante, mrudi nyumbani.

5. Laleni chini mtazame chesisi. Rangi inaweza kufunika bodi, lakini kutu ya chesisi ni ugonjwa wa mifupa. Magari yaliyotumika sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na yaliyokaa pwani, yatazameni mara mbili.

6. Linganisheni spidomita na vitu vinavyoguswa. Kama inasoma 90,000 lakini mpira wa pedali umelika hadi chuma na stelingi imekuwa laini kama kokoto la mtoni, mojawapo inasema uongo, na pedali haina sababu ya kudanganya.

7. Someni matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2315 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kashata zinaweza kuwa nzuri na mpira ukawa umezeeka.

8. Liendesheni nusu saa kwa uchache, pamoja na kupanda mlima. Gari letu la mwaka 2012 tulilijaribu kwenye barabara tambarare, dakika kumi.

Kuhusu hati: hakikisheni jina lililo kwenye kadi ni la anayewauzia, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla hamjamaliza kulipa. Angalieni kama namba ya gari ina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi likiuzwa kwa asiye na msamaha, kodi hudaiwa. Ulizeni mapema nani atailipa. Gari lisajiliwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini na si la mchungaji au mzee wa kanisa, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Wanaotaka kuagiza Japani nao wasikie neno. Gari dogo lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru kwa sababu ya umri, na likizidi miaka 10 huongezewa zaidi. TRA ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Kitumieni kabla ya kutuma hata senti moja. Na ombeni nakala ya hati ya kufutiwa usajili huko Japani, kwa sababu huandikwa kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Mkishapata, linganisheni na spidomita.

Swali la tatu: Je, mnaweza kulilisha?

Hapa ndipo kamati nyingi huanguka. Tunapanga harambee ya kununua gari, hatupangi harambee ya kulitunza. Tufanye hesabu pamoja, kwa gari kubwa la dizeli linalotembea kilometa 1,400 kwa mwezi, yaani 16,800 kwa mwaka.

Likitumia lita moja kwa kilometa 7, litahitaji lita 200 kwa mwezi. Tukichukulia dizeli shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni laki 6 kwa mwezi, milioni 7 na laki 2 kwa mwaka. Sevisi tatu, kwa laki 3 kila moja, ni laki 9. Matairi manne ya laki 5 kila moja yakidumu miaka miwili ni milioni 1 kwa mwaka. Bima na mengineyo, laki 2. Dereva wa laki 3 kwa mwezi ni milioni 3 na laki 6. Na kwa kuwa gari ni la zamani, wekeni akiba ya matengenezo makubwa isiyopungua milioni 3.

Jumla ni shilingi milioni 15 na laki 9 kwa mwaka. Bei zenu zitatofautiana, lakini fanyeni hesabu yenu kwa njia hiyo hiyo. Kama gari limenunuliwa kwa milioni 32, maana yake ni kwamba kulitunza kwa miaka miwili ni karibu sawa na kulinunua tena! Wengine watasema ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017. Ni kweli, lakini mzigo huo ulihamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mnaulipa kituoni kila mnapojaza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari lililotembea sana huanza na nyufa ndogo ndogo: bushi, paipu ya rejeta, mkanda. Mwenye akiba huziba kwa shilingi elfu 40. Asiye na akiba husubiri, kisha hujenga ukuta kwa milioni nane.

Gari la kilometa 412,000

Sasa niwape mfano wa upande wa pili. Mwaka 2022 usharika mmoja, ambao wajumbe wake wako hapa na wameniruhusu niuseme, uliletewa magari mawili. La kwanza lilikuwa la mjini, linang'aa, likisoma kilometa 148,000, bei milioni 27. Dalali wake alitupigia simu mara tano kwa siku mbili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. La pili lilikuwa Toyota Land Cruiser hadtopu ya mwaka 1998, yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita isiyo na tabo. Rangi ilikuwa imefifia, kiti cha dereva kimeshonwa, na spidomita ilisoma kilometa 412,000. Mwenyewe alitaka milioni 34.

Wajumbe walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Mratibu, tulipe zaidi kwa gari lililochoka zaidi?"

Nikawaonyesha madaftari mawili. Mwenye gari alikuwa ameandika kila sevisi tangu mwaka 2006: tarehe, kilometa, oili gani, fundi nani. Mkanda wa taimingi, ambao ukikatika waweza kuharibu injini nzima, ulibadilishwa mara tatu, na tarehe zake zimo. Lile gari la mjini halikuwa na hata karatasi moja, na fundi wetu alikuta puti nene kwenye nguzo ya mlango, ishara kwamba liliwahi kugongwa vibaya.

Hata hivyo sikuwaambia walinunue. Fundi aliorodhesha kazi ya milioni 4 iliyohitajika mara moja: klachi, bushi, springi za nyuma na rejeta. Usharika ulikuwa na milioni 35 tu. Wangelinunua siku ile, wangebaki na milioni moja. Niliwaambia, "Gari ni zuri, ila ninyi hamjawa tayari." Walikasirika. Mama mmoja wa kamati alisema ofisi ya dayosisi inapenda kusema hapana.

Wakasubiri miezi minne mpaka viazi vikauzwa. Mwenye gari, alipoona orodha ya fundi, alikubali milioni 32. Usharika ulilinunua mwezi Oktoba ukiwa umekusanya milioni 44, na milioni 8 zilizobaki baada ya matengenezo ziliwekwa katika akaunti ya gari peke yake, yenye sahihi tatu.

Sitawaficha, limewahi kuwalaza njiani mara mbili. Mara ya kwanza alternata, mara ya pili beringi ya gurudumu. Mara zote mbili spea zilipatikana Makambako kesho yake, fedha zilikuwapo, na gari likarudi kazini ndani ya wiki moja. Baada ya miaka mitatu lilikuwa linasoma kilometa 462,000. Daftari la tatu limeanza, limeandikwa na dereva wa usharika.

Neno kwa marafiki na wafadhili

Kwenu marafiki zetu, tunawashukuru kwa moyo wote. Niruhusuni niseme neno moja kwa upendo. Mara nyingi fedha za kununua chombo hupatikana kirahisi kuliko fedha za kukitunza, kwa sababu gari hupigwa picha na akiba haipigwi picha. Tunaomba mkipokea andiko la gari lisilo na mpango wa matengenezo wa miaka mitatu, lirudisheni. Na lenye mpango, ruhusuni sehemu ya fedha zenu ikae katika akaunti ya matengenezo. Hamtatunyima kitu kwa kufanya hivyo.

Hitimisho

Wajumbe, sikuja kuwakataza kununua gari la zamani. Wengi wetu hatutamudu jipya, na gari la zamani lililotunzwa laweza kututumikia miaka mingi. Ninachosema ni hiki: kilometa zilizopita msizihofu kupita kiasi, zihofuni zaidi kilometa zijazo. Zilizopita zimebebwa na mwingine. Zijazo ni zenu. Kama kamati haina daftari, haina fundi wake na haina akiba, basi hata gari jipya litafika juu ya mawe, litachelewa tu.

Yule bibi wa jogoo bado yu hai. Nilimwona mwaka jana kwenye sikukuu ya mavuno, safari hii alileta ndoo ya njegere. Akaniuliza tunakusanya kwa ajili ya nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya akaunti ya matengenezo ya pikipiki za wainjilisti. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo sawa. Safari hii mmeanza na chakula chake."

 Sasa tupokee maswali.